Kioo Safi cha Ijumaa

Nilimwahidi Bi Hawa kwamba siku nitakapoacha kuwaona vijidudu katika damu ya mumewe, nitakuja kumwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla habari haijapita kwa daktari wala kwa muuguzi. Nilitoa ahadi hiyo nikiwa nimesimama kwenye ukumbi wa nyumba yake pale Majengo, Dodoma, nikiwa bado nimevaa koti jeupe ambalo sikupaswa kutoka nalo hospitalini, naye akiwa ameshika ungo wa mchele aliosahau kuupeta. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Katika maisha yangu nimevunja ahadi kadhaa, na nyingi nimekwisha kuzisahau. Hii niliitimiza siku ya tatu, bila kuchelewa hata saa moja, na ndiyo inayonikosesha raha mpaka leo.

Mwezi uliopita tulikusanyika katika nyumba ileile kwa arobaini ya Bi Hawa. Hitima ilipokwisha na sinia za pilau kuondolewa, Zaina, binti yake wa pekee, alitoka ndani akaja kuketi kwenye mkeka karibu nami. Sasa naye ni mtu wa makamo. Mvi zilichungulia pembeni mwa mtandio wake. Mwanawe mkubwa, Shabani, mwanamume mwenye ndevu na kitambi, alituletea kahawa. Zaina alisubiri aondoke, ndipo akasema, "Kaka Yona, mama hayupo tena, kwa hiyo naweza kuuliza. Kwenye kile kioo ulichopimia damu ya baba, uliona nini?" Hakuuliza kwa kunishtaki. Ningefarijika kama angenishtaki. Nilimweleza nilichokiona, naye akanieleza jambo lililompata njiani, mahali paitwapo Kelema, ambalo mama yake alinificha miaka yote hiyo. Naandika sura hii kwa sababu maneno yetu hayo mawili yalipaswa kukutana zamani.

Sitaeleza nilikozaliwa wala jinsi nilivyosomeshwa. Inatosha kusema kwamba nilitoka chuoni na cheti cha ufundi wa maabara na daftari lenye jalada jekundu, ambalo ukurasa wake wa kwanza niliuandikia kichwa: Mambo ya Kurekebisha. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoiachia biashara. Maduka ya Majengo ambayo jana yaliuza chumvi na viberiti tu, leo yalijaa redio, mitumba na sabuni za kunukia. Na ngozi za ng'ombe, ambazo zamani zilikaguliwa na kupigwa muhuri kabla ya kuuzwa, sasa zilinunuliwa na yeyote mwenye godauni na mizani. Mzee Shabani, mume wa Bi Hawa, alikuwa mmoja wa wanunuzi hao. Alitoka Kondoa ujanani akiwa mchuuzi wa vitunguu, na ruksa ilipoingia aliingia nayo. Nilipanga chumba cha mwisho katika nyumba yake, kilichopakana na ua, na mwaka mzima nililala na harufu ya ngozi na chumvi ya mawe mpaka pua yangu ikaacha kuihesabu kuwa ni harufu. Jioni kabla ya magharibi tulikula uani, mimi na yeye sinia moja: ugali wa uwele, mlenda, na siku za mnada nyama ya mbuzi. Aliniita Daktari wa Vikopo, kwa sababu ya vikopo ambavyo wagonjwa hutuletea choo chao.

"Daktari wa Vikopo, leo umechungulia vingapi?"

"Vingi, Mzee."

"Na katika vyote hivyo hukukuta hata kimoja chenye asali?"

"Baba Zaina!" Bi Hawa alipaza sauti kutoka jikoni. "Watu wanakula!" Lakini tulimsikia akicheka huko huko moshini.

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa stoo ya mashuka. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, hivyo hadubini tuliisomea kwa mwanga wa jua, ulionaswa na kioo kidogo cha duara kilicho chini yake. Asubuhi meza ilikaa dirisha la mashariki, na baada ya saa sita tuliihamishia upande wa pili, watu wawili, kwa uangalifu wa wabeba jeneza. Mkuu wetu alikuwa Mama Sechelela, ambaye kila mtu alimwita Mama Seche, Mgogo mwenye sauti nzito na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na sharti moja: jibu hutoka maabara kwa karatasi, kwenda kwa daktari, na halitoki kwa mdomo. Niliona sharti hilo ni la kiburi. Niliona kwamba ndilo linalomfanya mkulima atoke hospitalini akiwa hajui kilichomo mwilini mwake mwenyewe. Nililiandika katika daftari jekundu, namba nne.

Mwishoni mwa kiangazi Mzee Shabani alinunua ngozi kutoka upande wa Zuzu. Ng'ombe alikuwa ameanguka ghafla machungani na kufa, na wenyewe walikuwa wamekwisha kugawana nyama. Walimpa paja kwa ukarimu, akalikataa. Alitusimulia jioni ile kwa fahari ya mtu wa swala tano. "Nyamafu haiingii kinywani mwangu, hata mnitie njaa ya mwezi. Ngozi ni jambo jingine. Ngozi ikitiwa dawa hutoharika, huwa safi." Hilo ni kweli katika dini yake, na kwa upande wa kinywa alikuwa salama kabisa. Lakini siku ile mchukuzi wake hakuwepo, na ngozi ilikuwa mbichi na nzito, na damu yake, alisema, ilikuwa nyeusi na haikutaka kuganda. Aliibeba mwenyewe begani kutoka kwenye lori mpaka godaunini, ukingo wake ukimkwaruza shingoni kila hatua. Mimi, msomi wa maabara, nilisikia maneno yale yote, damu nyeusi, haikuganda, amekufa ghafla, nikachovya tonge kwenye mlenda.

Kilianza kama kipele cha mbu. Kikawa lengelenge, kisha katikati pakawa donda jeusi kama kaa la moto lililozimika. "Haliumi," alisema, na kwa kuwa halikuuma hakulitazama tena. Bi Hawa alipomleta hospitali Jumatatu, uvimbe ulikuwa umeshuka kutoka shingoni hadi kifuani na mwili ukichemka kwa homa. Mama Seche alikuja wodini mwenyewe kuchukua maji ya donda na damu. Alimjua Mzee, Mrangi wa Kondoa, na Warangi na Wagogo wana utani wao.

"Nyie Warangi," alimwambia akifunga mpira mkononi mwake, "mnanunua ngozi hata kabla ng'ombe hajajua kwamba amekufa."

Mzee alijibu kwa sauti iliyobanwa na uvimbe. "Na nyie Wagogo, akifa ng'ombe mnaweka matanga wiki nzima. Akifa mjomba, mnauliza ameacha ng'ombe wangapi."

Wodi nzima ilicheka. Mama Seche alicheka mpaka mlangoni. Kule nje alinikabidhi vipande vya kioo alivyovipaka damu na maji ya donda, na hakuwa anacheka tena. Nilivitia rangi ya buluu na kuvitazama. Walikuwepo, kwenye donda na kwenye damu pia: vijiti vya buluu vyenye ncha zilizokatwa mraba, vimefuatana kama vipingili vya muwa, na kila mnyororo umevikwa ganda la rangi ya waridi. Kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo chini ya hadubini, na naona aibu kuliandika neno hilo.

Daktari alianza penisilini mchana uleule. Mzee Shabani hakuuliza juu ya dawa. Aliuliza, "Zaina yuko wapi?" Binti yake alikuwa ameolewa Kondoa, na miezi miwili nyuma alikuwa amejifungua mtoto wa kiume aliyepewa jina la babu yake. Babu hakuwa amemwona bado. Alisubiri ngozi zipungue, alisubiri barabara, sasa aliuliza kila muuguzi aliyepita, kana kwamba Zaina alikuwa wodi ya pili. Simu hatukuwa nayo. Bi Hawa alituma neno kwa dereva wa basi la alfajiri ya Jumanne: mwambieni Zaina aje, aje na mtoto. Ni jioni ya Jumatatu hiyo, aliporudi nyumbani kuandaa chakula cha mgonjwa, aliponisimamisha ukumbini. "Mwanangu Yona, wale wakubwa hawaniambii kitu. Wewe unawaona hao wadudu kwa macho yako. Utaniambia?" Nikaahidi.

Jumanne walikuwa wachache. Jumatano, baada ya kuihamisha meza na jua kuingia vizuri kwenye kioo, sikumwona hata mmoja. Nilisogeza kile kipande cha kioo kulia na kushoto kama mtu anayepalilia, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho. Damu ilikuwa safi. Homa nayo ilikuwa imeshuka, na asubuhi ile Mzee alikuwa amekunywa uji na kumwambia muuguzi kwamba ulipikwa na adui yake. Mama Seche alikuwa ameitwa kwenye mkutano. Niliandika jibu katika kitabu, nikafunga kitabu, nikaenda Majengo.

"Bi Hawa, shikamoo. Wamekwisha."

"Nani?"

"Wadudu. Nimetafuta kioo kizima, hakuna hata mmoja."

"Kwa hiyo amepona?"

Nimekirudia kimya kile kilichofuata mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kilikuwa kifupi, lakini kilinitosha kabisa kusema kwamba sijui, kwamba mimi husoma damu tu. Chuoni hakuna aliyenifundisha kusema hivyo, au nilifundishwa na sikusikia. Nilisema, "Ndiyo, mama. Amepona."

Alikaa chini sakafuni, akaweka mikono juu ya kichwa, akamshukuru Mungu. Kisha akawa mtu wa shughuli tena. "Basi Zaina asihangaike. Alfajiri nitampa dereva neno. Mtoto mchanga yule na vumbi la njia ile, ya nini? Watakuja mvua zikinyesha, baba yake akiwa amesimama." Akaniuliza kama ni sawa. Nikasema ni busara. Alichinja jogoo, akapika chapati, akapeleka sahani kwa majirani pande zote mbili. Nilikula shingo, ambayo Mzee huwa anaichukua yeye, kwa sababu Bi Hawa aliniwekea kwenye sahani yangu na kusema, "Leo ni yako."

Alhamisi asubuhi Mama Seche alikuta nimeandika jibu, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia, nikitabasamu, kwamba familia nayo imekwisha kujua. Akavua miwani.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba amepona."

"Nani amekuambia amepona?"

"Kioo ni safi, Mama."

"Kioo ni safi. Mtu je?"

Hakufoka. Alimimina chai, akanisukumia kikombe, na akanieleza kama mtu anayemweleza mwenziwe msiba. Sehemu ya haya ninayoandika ndiyo aliyoijua yeye. Sehemu nyingine nimeisoma miaka ya baadaye, na siwezi tena kuzitenganisha. Kile kijidudu, alisema, si chenyewe kinachoua. Kinatengeneza protini tatu na kuzimwaga katika damu, na kila moja peke yake haina madhara. Ya kwanza kazi yake ni kushika. Inazunguka mpaka ikute kishikizo kwenye utando wa nje wa seli, kishikizo ambacho seli inacho kwa shughuli zake nyingine, na inapokishika hukatwa kipande na kuungana na wenzake, saba hivi, kuwa duara. Alichukua kitambaa cha kufutia meza, akakisokota kuwa ngata, kama ile wanawake wanayoweka kichwani chini ya ndoo, akaiweka mezani. Juu ya ngata hiyo, alisema, ndipo hukaa zile nyingine mbili, ambazo ndizo sumu. Akaweka kikombe juu yake.

"Sasa ziko nje bado," nilisema.

"Ziko nje. Utando wa seli hauruhusu kitu kikubwa hivyo kupita. Kwa hiyo hazivunji ukuta, Yona. Zinasubiri kukaribishwa." Seli inapohisi kitu kimekusanyika mlangoni, huubonyeza utando wake kwa ndani, hukifunika, na kukimeza kikiwa katika kifuko kidogo, kama inavyomeza chakula. Na kama ilivyo desturi yake, humimina tindikali katika kifuko hicho ili kumeng'enya ilichomeza. Tindikali hiyo, ambayo ni kinga ya seli, ndiyo ishara ambayo ngata ilikuwa ikiingojea. Hubadilika umbo, ikachoma ukuta wa kifuko na kuwa mrija mwembamba. Sumu nayo, ambayo ilikuwa imejikunja kama bonge la uzi, hukunjuka na kupita katika mrija huo uzi mmoja mmoja, na ikifika upande wa pili hujikunja upya na kuwa sumu tena. Kuanzia hapo iko nyumbani.

"Na penisilini?"

"Penisilini imewaua walioileta. Hilo ndilo uliloliona jana, na ni kweli. Lakini wewe ulisoma damu. Damu ni barabara. Sumu ilikwisha kuingia majumbani."

Nilimuuliza kama hakuna dawa ya sumu yenyewe. Alisema kuna nchi wanayo, seramu, hapa hatuna. Na hata ingekuwepo hushika iliyo nje tu, ile iliyokwisha kuvuka haifuatwi na mtu. Huenda iliyovuka ni kidogo, aliongeza, na wengi wenye donda la ngozi hupona. Hatuna kipimo cha kujua. Tungoje. Niliacha chai nikakimbia stendi kulizuia neno la Bi Hawa. Basi la Kondoa lilikuwa limeondoka tangu alfajiri, na mpiga debe aliyekuwa akila muhogo chini ya kibanda aliniambia, "Hilo sasa hivi liko mbali, mwalimu. Labda kesho." Sikurudi kwa Bi Hawa kumwambia nilichokijua. Nilijiambia kwamba nisubiri kipimo. Kipimo gani, sijui.

Mchana ule Mzee Shabani aliketi kitandani. Alikunywa maziwa ya mgando, akazungumza muda mrefu juu ya mjukuu: kwamba atamnunulia kofia ya mkono kutoka pwani, kwamba mtoto mwenye jina lake lazima awe na kichwa kikubwa. "Zaina amefika?" aliuliza. Bi Hawa akamwambia, kwa furaha, kwamba wamemzuia, kwa sababu yeye mgonjwa amekwisha kupona. Akanigeukia. "Daktari wa Vikopo, ni wewe uliyesema?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Ahsante, mwanangu," na akatazama dirishani.

Ijumaa asubuhi mikono yake ilikuwa ya baridi na mapigo ya moyo hayakushikika. Maji yalijaa kifuani. Daktari aliongeza dripu na kila kilichokuwepo kabatini, na alipomaliza alibaki amesimama tu pale kitandani na mikono yake mitupu. Mimi nilifanya jambo pekee nililojua kulifanya. Nilichukua tone la damu, nikalipaka kwenye kioo, nikalitia rangi, nikaisogeza meza kwenye jua la asubuhi nikiwa peke yangu. Nilitafuta. Ninaamini sikuwahi kumtafuta mdudu kwa hamu kama asubuhi ile; nilitaka awepo, ili dawa iwe na adui wa kumpiga. Uwanja baada ya uwanja zilipita chembe za damu, za duara, zilizotulia. Damu ya mtu aliyekuwa akifa ilikuwa safi kuliko yangu. Nilikuwa bado nimeinama hapo nilipomsikia Bi Hawa akilia.

Mzee Shabani alizikwa alasiri ileile. Zaina aliletwa na basi la Jumapili, mtoto mgongoni, akakuta watu wameketi kwenye mikeka. Bi Hawa hakunilaumu siku ile wala nyingine. Niliendelea kuishi chumba cha mwisho mpaka mwaka ukaisha, na kila jioni aliniletea sinia, akaiweka mbele yangu, na nilikula peke yangu upande mmoja, upande wa pili ukibaki haujaguswa. Sikuandika tena katika daftari jekundu.

Nilidhani hiyo ndiyo hesabu yote ya kosa langu: kwamba Zaina alipata habari ya uongo akiwa nyumbani kwake, akatulia, akachelewa. Kwenye arobaini ya mama yake ndipo nilipojua. Zaina hakuwa nyumbani. Jumatano hapakuwa na basi, kwa hiyo Alhamisi alfajiri alipanda la kwanza, mtoto amemfunga kwa khanga mpya. Kufika Kelema mabasi mawili yalikutana, lile la kutoka Kondoa na lile la kutoka Dodoma, na kama walivyofanya madereva wa njia ile, yalisimama ubavu kwa ubavu, dirisha kwa dirisha, kupeana habari.

"Konda wao akaita," Zaina alinieleza. "'Humo kuna Zaina wa Mzee Shabani wa ngozi?' Nikasema nipo. Akasema, 'Baba yako amepona! Daktari kasema! Mama yako anakuambia rudi, usimtese mtoto na vumbi.' Basi zima likapiga vigelegele, Kaka Yona. Watu nisiowajua. Nami nikapiga. Wakanishushia mzigo, wakanipandisha basi la pili, nikarudi Kondoa nikiimba."

Siku ileile, kabla ya alasiri, angekuwa wodini. Angemkuta ameketi, anakunywa maziwa ya mgando.

"Mama alinikataza nisikuambie," alisema. "Alisema, 'Yona ni mtoto, jambo hili litamharibu.'" Shabani alikuja kuchukua vikombe. Nilimtazama kichwa chake. Ni kikubwa.

Nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote. Nimesoma jinsi ile ngata inavyochoma ukuta, nimeona michoro yake, na bado hakuna ninachoweza kukifanya kwa sumu iliyokwisha kuvuka. Kwa hiyo sina fundisho la kukupa wewe unayesoma, nina ombi tu. Ukiambiwa kwamba mgonjwa wako ana nafuu, furahi, na ukitaka chinja jogoo. Lakini kama yupo mtu aliyekwisha kupanda basi kuja kumwona, tafadhali usimrudishe. Mwache afike.